Nairobi hadi Tromsø si saa 9

Mwandishi, kilomita 8,000 kutoka Nairobi hadi Tromsø nakubaliana nawe, lakini hizo saa 9 zingewezekana kama kungekuwa na ndege ya moja kwa moja, na haipo. Mimi nilienda kumwona dada yangu Desemba: usiku kucha hadi Amsterdam, kisha Oslo, kisha karibu saa 2 zaidi kwenda kaskazini. Ukijumlisha kungoja, na msongamano wa Outering kabla hata ya kufika uwanjani, ni siku nzima tangu nifunge mlango Buruburu Phase 5. Mnaouliza hapa chini kuhusu mizigo, tafadhali shikeni hili: Oslo nililazimika kulichukua sanduku mwenyewe, lenye unga na majani chai, nikapita forodha, nikalikabidhi upya. Msikate tiketi inayowaachia dakika 50 pale, mtaachwa. Halafu mwandishi hukutaja giza kabisa! Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kule. Adhuhuri unaona mwanga wa buluu kidogo, kisha usiku tena. Nairobi iko mbele kwa saa 2 tu wakati huo, lakini mwili uliozoea jua la saa kumi na mbili unateseka. Mzazi mzee mpelekeni Juni.