Ala ya Singe: Sahihi kwa Wakati Upi?



Mwezi uliopita nilipita kwenye soko la vitu vya kale hapa Uingereza, nikakuta singe ndani ya ala yake ya ngozi. Kijikaratasi kilichofungwa mpinini kilidai kuwa ni singe ya askari wa King's African Rifles, ya mwaka 1907. Nilipouliza kwa nini ni fupi hivyo, muuzaji alisema ala ilikatwa na mtu, na bamba la chuma la nchani "si sahihi". Kwa pauni chache zaidi angenitafutia ala ndefu yenye bamba sahihi. Nadhani alitaka kunifanyia hisani, lakini mimi naona angeharibu kitu.

Tuanze na huo mwaka. Namba 1907 iliyogongwa kwenye bapa la singe za Kiingereza za aina hiyo ni jina la muundo, si mwaka wa kutengenezwa. Tarehe yenyewe hugongwa peke yake: mwezi, kisha tarakimu mbili za mwaka. Hii ilikuwa ya 1916. Halafu urefu. Bapa la muundo huo lilitoka kiwandani likiwa na inchi 17, yaani sentimita 43 hivi. Hili lilikuwa na sentimita 30 tu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, singe nyingi za zamani zilikatwa nchini India zikabaki na inchi 12 hivi, na ala zake zikafupishwa pamoja nazo. Kwa hiyo bamba lile lilikaa mahali pake. Ni ushahidi kwamba silaha ya vita vya kwanza iliitwa tena kazini katika vita vya pili.

Ndipo nauliza: sahihi kwa wakati upi? Wakusanyaji wengi hupenda kila kipande kilingane na mwaka mmoja na jeshi moja. Lakini vita havipangwi kama kabati la maonyesho. Huko Tanga, Novemba 1914, jeshi la Wajerumani liliposhinda liliteka bunduki 455 za Waingereza, nazo zikatumika kuzipa silaha kombania zake. Askari wa Mjerumani akabeba bunduki ya Mwingereza. Mkusanyaji akiona vifaa vya namna hiyo atasema havilingani, na kumbe ndivyo ilivyokuwa.

Wenye maoni tofauti wana hoja. Walaghai wapo, na huunganisha vipande vya huku na huku ili wapandishe bei. Ndiyo maana inafaa tujifunze kuvitambua. Ngozi iliyofunikwa na bamba huwa na rangi tofauti na ile iliyopigwa na mwanga. Bamba likihamishwa, alama hubaki. Tazama kama kutu ya bamba la mdomoni inafanana na ya nchani, kama uzi wa mshono wa nyuma umechakaa sawa na ngozi yenyewe, na kama kifungo cha kuning'inizia kimelika pale kinapogusana na mkanda. Maarifa haya yatusaidie kuandika maelezo ya kweli, si kununua vipuri.

Jambo hili linatuhusu kuliko wakusanyaji. Wapo kati yetu ambao babu zao walitumikia jeshi lile, wengine Burma mwaka 1944, na vitu walivyoviacha ni vichache. Tukiirembesha ala ifanane na picha ya 1914 tuliyo nayo kichwani, tunafuta miaka iliyofuata. Na tukikubali neno "askari" kwenye kijikaratasi bila hata alama ya kikosi, tunawabandikia wazee wetu kitu ambacho pengine hawakukigusa. Yote mawili ni uongo, ingawa la pili linatupendeza.

Napendekeza kwamba chama chetu kikiandaa maonyesho, kila kipande kiandikiwe umri wake kwa Kiswahili: bapa la 1916, bapa na ala vimefupishwa wakati wa Vita vya Pili, aliyeibeba hajulikani. Na mwenye ala ya namna hii nyumbani asiisugue wala asiing'oe bamba kabla haijapigwa picha na kuandikwa. Usiache mbachao kwa msala upitao.