Utani si matusi: urithi wa kusaidia suluhu Morogoro

Katika misiba ya hapa Morogoro Mjini mtani bado anaonekana. Anamwigiza marehemu, anadai chochote kwa wafiwa, na watu wanacheka huku machozi yakiwatoka. Wengi huona ni vichekesho tu. Lakini kwa Waluguru, utani wa koo ulikuwa kwanza ni wajibu: mtani alishughulikia maziko, na aliweza kumwambia mtu ukweli mchungu bila kuzua ugomvi. Baina ya makabila pia, Wangoni walioingia kusini kwa vita katika karne ya 19 leo wana watani miongoni mwa watu waliopigana nao.

Urithi huu unahitajika, kwani mkoa wetu una kidonda. Ijumaa ya Desemba 8, 2000, ndani ya mwezi wa Ramadhani, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, kutokana na mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kiangazi kinapofika na mifugo kufuata maji mabondeni, hofu hurudi.

Je, inafaa Muislamu kutegemea mila katika kusuluhisha? Kanuni ya wanazuoni ni kwamba ada huzingatiwa madamu haipingani na sharia. Kabla ya utume, Mtume (s.a.w.) alishuhudia Hilful Fudhuul, mkataba wa Makuraishi wa kumtetea aliyedhulumiwa, baadaye alieleza kuwa lau angeitiwa mfano wake katika Uislamu, angeitika. Mipaka nayo ipo. Suratul Hujurat inaamrisha upatanisho katika aya ya 10, kisha aya ya 11 inakataza dharau na kuitana majina mabaya. Kuchelewesha maziko kwa ajili ya mzaha pia hakufai.

Tuzingatie kwamba mkataba ule ulisimama juu ya haki. Watu wakipeana mikono mbele ya wageni, ilhali shamba lililoliwa halijalipwa wala njia ya mifugo haijapangwa, hiyo si suluhu. Utani haufuti deni. Unawawezesha watu kudaiana bila kushika mapanga.

Basi wazee, maimamu, viongozi wa vijiji na wafugaji wakutane kabla ya kiangazi, wakubaliane mapito na fidia. Kisha wafanye walichofanya watani wa zamani: wahudhurie misiba ya wenzao na washike majembe makaburini.

Wallahu a'lam.