Konokono akishiba, mtoto yuko hatarini

Utelezi wa kijani kwenye mawe ya ufukweni huwafanya wazazi wengi wawaonye watoto wasianguke. Ni onyo zuri, ila utelezi huo una jambo jingine. Ni mwani mwembamba uliochanganyika na bakteria, na ndio malisho ya konokono wa maji baridi. Miongoni mwao wamo wanaobeba kichocho.

Mayai ya kichocho hutoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Yakiingia majini huanguliwa, na kimelea humtafuta konokono wa aina inayokifaa. Ndani ya konokono huzaliana kwa wiki kadhaa, kisha vimelea hutoka, mamia hadi maelfu kwa siku kutoka konokono mmoja. Havionekani kwa macho. Hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na dakika chache majini zinatosha.

Hayo wengi wameshayasikia. Kisichozungumzwa sana ni konokono huyo anakula nini, na nani anamlisha. Mvua kubwa ikinyesha wakulima wakiwa wametoka kuweka mbolea ya kukuzia, sehemu ya mbolea husombwa hadi mtoni na ziwani. Samadi na majitaka navyo hufuata njia hiyo hiyo. Naitrojeni na fosforasi zilizomo hustawisha mwani kama zinavyostawisha mahindi. Konokono akipata malisho tele hukua haraka na kutaga zaidi. Akiwa ameambukizwa, kuna jambo baya zaidi, ambalo watafiti wamelishuhudia maabara: konokono aliyeshiba hutoa vimelea vingi kuliko mwenye njaa, kwa sababu kimelea hujilisha kutoka mwilini mwake.

Ndiyo maana kuhesabu konokono kwa macho hakusaidii sana. Wakijazana kwenye malisho haba hugombea chakula, na kila mmoja hutoa vimelea vichache. Wachache walioingia mahali penye mwani mpya wanaweza kuwa hatari zaidi. Mzazi aliyechungulia maji akaona wawili watatu tu, asijipe moyo.

Bonde la Mto Senegal limeyapitia haya. Bwawa la Diama lilipokamilika mwaka 1986, maji ya chumvi yalizuiwa na kilimo cha umwagiliaji kikapanuka. Mwaka 1988 kichocho cha tumbo kiligunduliwa Richard-Toll, mji wa mashamba ya miwa, kisha kikasambaa kwa kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa mbolea za mashambani huchangia kustawi kwa magugu ya majini ambamo konokono hao hujificha na kula. Magugu yalipoondolewa mahali watu wanapochotea maji, konokono walipungua, na watoto waliopata maambukizi upya walikuwa wachache kuliko katika vijiji ambako hayakuguswa. Magugu yenyewe yaligeuzwa mboji na chakula cha mifugo, jambo ambalo vijiji vya huku vingeweza kujaribu bila kusubiri mradi mkubwa.

Ziwa Victoria nalo limekuwa likipokea virutubisho kutoka mashambani na mijini kwa miaka mingi, na konokono wa kichocho hupatikana hata kwenye gugu maji.

Kwa familia zinazoishi kando ya maji, kosa la kawaida liko kwenye beseni. Mtoto mchanga anayeogeshwa kwa maji yaliyotoka kuchotwa ziwani ni sawa na aliyeingia ziwani. Maji yakihifadhiwa kwenye chombo safi kwa siku moja hadi mbili, bila konokono ndani, vimelea hufa. Kuyachemsha pia huviua. Vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi kuelekea adhuhuri, saa zile zile watoto waliotoka shule wanapokimbilia kuogelea.

Mkojo wenye damu, choo chenye damu au tumbo linalouma mara kwa mara ni sababu ya kwenda kituo cha afya. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtoto akirudi majini kesho yake. Na si ya wanafunzi peke yao: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto kuanzia miaka 2 nao watibiwe katika maeneo yenye maambukizi mengi.