Ubao wa Mtandaoni: Nani Ameshika Kalamu?

Haya wenzangu, leo nina ugomvi. Si na mtu, ni na ubao. Nasema juu ya zile mbao nyeupe za mtandaoni, Miro, FigJam na jamaa zao, ambapo timu nzima inafungua kiungo kimoja, kila mtu anachora, anabandika vikaratasi vya rangi, na vishale vyenye majina ya watu vinakimbizana kwenye skrini kama kuku. Tangu korona ilipotufungia nyumbani mwaka 2020, ukiitisha kikao bila ubao unaonekana mtu wa kale.

Msimamo wangu ni huu: ubao ni mahali pazuri pa kufikiria na mahali pabaya pa kuweka maamuzi. Tukiendelea kuchanganya mambo haya mawili, tutawaacha nje watu wale wale tunaodai kushirikiana nao.

Chukua kazi yetu. Mimi naandika programu nikiwa Kitengela, nina intaneti ya waya na skrini kubwa. Mwenzetu yuko Kajiado mjini, na siku nyingi yuko nje ya mji kabisa, na simu yake na bando la siku. Tunatengeneza programu ya kuhesabu mauzo ya maji ya kisima cha jamii. Sasa niambie, kati yetu nani anajua maji yanauzwaje? Ni yeye! Yeye ndiye anayejua kwamba mtungi wa lita 20 una bei yake, ng'ombe analipiwa kwa kichwa, na kiangazi kikikaza utaratibu unabadilika. Lakini anayechora ni nani? Ni sisi wenye kipanya. Yeye anauona ubao mzima ukiwa na ukubwa wa stempu. Akigusa kikaratasi, kinahama badala ya kufunguka. Kikao kikiisha, aliyoyasema yamepita na upepo, na kilichobaki ni ubao ambao hana hata mstari mmoja ndani yake.

Huo ndio ushirikiano?

Najua watetezi wa ubao watajibu: subiri, intaneti itaboreka. Ni kweli imeboreka sana tangu nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Ubao unataka mawasiliano yasiyokatika, maana kila unachosogeza lazima kitumwe kwa kila aliyeufungua. Ujumbe wa maneno unangoja mtandao urudi, kisha unafika. Na hata intaneti ikiwa ya bure, kidole hakitageuka kuwa kipanya.

Watasema pia kwamba picha moja inashinda maneno mengi. Mchoro wa jinsi data inavyotoka kwenye simu kwenda kwenye seva, sawa, hapo nakubali. Lakini picha haikuambii kwa nini. Kikaratasi cha njano kilichoandikwa "malipo??" kinaeleweka siku ile ile. Wiki tatu baadaye hakuna anayejua kilimaanisha nini, hata aliyekibandika.

Halafu kuna suala la mwenye ubao. Google walikuwa na Jamboard, na walimu na timu nyingi duniani wakaizoea. Mwaka 2023 wakatangaza kwamba wanaifunga, na tarehe 31 Desemba 2024 ikafungwa. Aliyewahi alihamisha kazi yake au alibaki na nakala ya PDF, lakini ubao wenyewe haufunguki tena. Kama sababu za maamuzi yako zilikuwa humo tu, pole.

Sisi Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano mzuri. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiwaita mafundi watengeneze ramani ya matukio ya vurugu. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitikia, wakiwa wametawanyika nchi mbalimbali, na katika muda wa siku chache tu Ushahidi ikawa hewani. Mwito wenyewe ulikuwa maneno matupu. Na mwananchi mwenye kasimu kadogo aliweza kutuma taarifa kwa SMS. Mlango ulijengwa kwa kipimo cha mwenye kifaa duni kabisa.

Basi napendekeza hivi. Kwanza, mwenye mtandao dhaifu azungumze kabla ya wengine, na maneno yake yaandikwe kabla mtu hajachora chochote. Pili, kikao kisifungwe kabla ya kuandika aya moja inayosomeka kwenye simu yoyote: tumeamua nini, kwa nini, nani atafanya. Itumwe kwa wote, na yule wa Kajiado aseme ndiyo au hapana. Tatu, chagueni ubao mnaoweza kuubeba. Excalidraw ni programu huria, faili lake ni maandishi ya kawaida, na mkitaka mnaiweka kwenye seva yenu wenyewe.

Baada ya hapo futeni ubao bila huruma. Mwalimu wa shule ya msingi alifuta wake kila kipindi na hakuna mwanafunzi aliyelia, maana kila mtu alikuwa na daftari.