KAMBA YA WINCHI IKIKATIKA, NANI ALIPE?



Wakati wa mvua zilizopita jambo lilitokea katika gengi moja la wenzetu wa njia, nasi hatuwezi kulipita kimya. Hatutataja mahali wala jina la bwana yeyote, maana haja yetu si kumwaibisha mtu. Wenye habari wanajua, na wasiojua watajifunza.

Mti uliangukia njia usiku. Asubuhi lori dogo la gengi, lenye winchi ya umeme mbele, lilipelekwa kuuvuta. Kulabu ikafungwa, winchi ikaanza kuzunguka, na kamba ya waya ikakatika karibu na kulabu. Ile iliyobaki ilirudi kwa nguvu kama kiboko, ikampiga mwenzetu aliyesimama kando ya lori, ikamvunja mguu. Wiki haijaisha, dereva akapewa barua. Barua yasema kwamba ameharibu mali kwa uzembe, na kwamba bei ya winchi itakatwa katika mshahara wake mwezi kwa mwezi. Yule aliyelala hospitali hakuandikiwa barua, lakini hata neno la pole hakuletewa.

Ndugu, sisi tuliuliza swali moja tu: kamba hiyo iliharibika lini? Jibu ni kwamba haikuharibika siku ile. Kwa miezi mingi kabla ya mti kuanguka, winchi hiyo ilikuwa imefanywa kreni. Ilichomelewa nguzo ya bomba mbele ya lori, ikawekwa kapi juu yake, na kila siku gengi likaambiwa liinue mataruma, mapipa na vyuma vya njia kwa winchi hiyo. Basi hatua mbili tatu za kwanza za kamba zilipanda na kushuka juu ya kapi lile lile mchana kutwa. Nyuzi za waya zikaanza kukatika moja moja. Kamba iliyobaki ndani ya ngoma ilikuwa bado nzima kama ilivyotoka dukani. Swichi nayo iliungua mara mbili ikaunganishwa kwa kipande cha waya. Dereva alimwambia msimamizi kwa mdomo. Akajibiwa, "Endelea tu, spea zinakuja."

Ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Katika nchi za theluji, kama Kanada na upande wa kaskazini wa Marekani, watu hufunga ubao mkubwa wa chuma mbele ya gari dogo ili kusukuma theluji barabarani, na mara nyingi winchi ndiyo huuinua na kuushusha ubao huo. Kila wakifika mwisho wa njia ubao huinuliwa, wakigeuka hushushwa, na hivyo hivyo mpaka kazi iishe. Huko nako kamba huliwa pale pale karibu na kulabu, swichi huungua, na betri huisha nguvu. Mafundi wenye akili wa huko huweka kipande kifupi cha mkanda au cha kamba cha kubadilishwa, ili kazi ya ubao isile kamba ya kuvutia. Sisi theluji hatuna, lakini kosa ni lile lile: kuipa mashine kazi ambayo haikupimiwa, kisha kushangaa inapovunjika.

Yafaa kila mwanachama ajue mambo haya. Winchi ya gari imetengenezwa kuvuta, haikutengenezwa kuinua mzigo hewani. Uzito ulioandikwa kwenye kibao chake ni wa wakati kamba imebaki tabaka moja tu juu ya ngoma. Tabaka zikizidi, nguvu hupungua. Lakini isifunguliwe yote, ibaki mizunguko mitano ngomani, ama sivyo itachomoka. Kapi likifungwa kwenye mzigo na kamba ikarudishwa kwenye lori, nguvu ya kuvuta huwa karibu mara mbili, na winchi haiteseki. Mota hupata joto upesi, kwa hivyo ipumzishwe. Na kamba iliyovutwa, tuiogope kama nyoka. Mtu asiiruke, asisimame karibu nayo, na liwekwe gunia zito au koti juu yake ili ikikatika isiruke mbali.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamba na minyororo ya kuinulia mizigo ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi sita. Basi twawauliza wakubwa wa kazi. Mkisema winchi ile ilikuwa chombo cha kuinulia, iko wapi karatasi ya ukaguzi wake? Na mkisema ni ya kuvuta tu, ni nani aliyeamuru iinue mataruma? Chagueni jibu mnalotaka. Katika majibu hayo yote mawili, dereva hayumo.

Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi aliharibu kwa kusudi. Ni nani aliyekusudia hapa? Mtu aliyesema kwamba swichi imeungua, au mtu aliyemwambia aendelee tu? Na mwanachama akiitwa ofisini kwa shtaka linaloweza kumfukuzisha kazi, ana haki ya kuingia pamoja na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama. Asiingie peke yake, wala asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

Lakini tusiwaseme wakubwa peke yao, tukajisahau sisi. Wako miongoni mwetu walioziona nyuzi zimekatika wakanyamaza, kwa sababu lori si lao na mguu ulikuwa bado haujavunjika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wako wanaofunga fundo palipokatika na kuendelea. Wako wanaosimama kuitazama kamba inapovutwa kana kwamba ni ngoma ya harusi. Na sote tuna kosa moja kubwa: twasema kwa mdomo. Neno la mdomo likifika ofisini halina shahidi. Sheria hiyo hiyo ya usalama yatutaka tumwarifu msimamizi tukiona hatari kubwa, na kuarifu kwa maandishi ndiko kunakobaki.

Kwa hivyo Chama chataka mambo manne. Kwanza, barua ya dereva irudishwe na senti yoyote iliyokwisha kukatwa alipwe. Pili, mwenzetu aliyeumia aandikishwe kwa malipo yake chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, asiachwe kufuata karatasi kwa magongo. Tatu, kila lori liwe na daftari la makosa ya mashine, na msimamizi atie sahihi kila anapoambiwa. Nne, nguzo zote zilizochomelewa mbele ya malori ziondolewe, na magengi yapewe chombo halali cha kuinulia.

Wakati twangojea jibu, wajumbe wa kila gengi wanunue daftari la kawaida. Waandike siku, namba ya lori, kosa lililoonekana, na jina la aliyeambiwa. Nakala iletwe ofisi ya Chama kila mwisho wa mwezi. Bei ya daftari si kitu ukilinganisha na mguu wa mtu.

Ndugu yetu hospitalini, twakuombea upone upesi. Na dereva, usitie sahihi kitu mpaka tufike.

Umoja ni nguvu.