Kubadilishana Gani Huku kwa Upande Mmoja?

Mwaka wa 2013 nyumba yetu ya Buruburu ilipokea kijana wa miaka 17 kutoka Ulaya. Alikuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na begi kubwa kuliko yeye na karatasi iliyosema kwamba njugu zinamdhuru. Mama aliisoma hiyo karatasi mara tatu, kisha akatoa njugu zote ndani ya nyumba. Miezi kumi hatukuonja njugu. Tukinung'unika, jibu lilikuwa lilelile: mgeni ni mgeni.

Alipewa kitanda changu, mimi nikahamia kwa sofa. Jina lake lilitushinda wiki ya kwanza, tukamwita Mgeni, na jina likashika mpaka leo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Buruburu hakuna shamba, kwa hivyo jembe lake likawa vyombo vya Jumapili na kutumwa maziwa dukani. Alijifunza kusukuma chapati zikawa duara kuliko zangu. Alijifunza kugonga bati la matatu na kupiga kelele "shukisha hapo!" Usiku mmoja tumbo lilipomkamata vibaya, Mama alikesha naye hospitalini hadi asubuhi, akaenda kazini bila kulala. Kufikia wakati anaondoka, alikuwa anamwita Mama, na hakuna aliyemfundisha.

Tangu wakati huo Mgeni amerudi Kenya mara tatu. Mara mbili alikuja na wazazi wake. Wote walilala kwetu.

Mwanzoni mwa 2024 akaandika: amepata mtoto msichana, na jina la pili la huyo mtoto ni la Mama. Njoo umwone mjukuu wako, alisema. Tiketi nitalipa mimi.

Hapo ndipo utajua kama neno "kubadilishana" lina maana yoyote.

Mama ni mwalimu mstaafu wa miaka 63. Ana pensheni, ana kuku arobaini, na ni mweka hazina wa chama ambacho hakijawahi kupoteza hata shilingi. Akaambiwa alete taarifa za benki, barua ya pensheni, hati ya nyumba, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha Baba, barua ya mwaliko, na bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Ada ya viza ya Schengen ilipandishwa Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na sisi tulifika dirishani ilipokuwa imepanda tayari. Juu yake kuna malipo ya kampuni inayopokea maombi. Ukikataliwa, pesa hazirudi. Fikiria fundi anayekulipisha kwa kukataa kushona nguo yako.

Alikataliwa. Nchi yenyewe siitaji, maana fomu ya kukataliwa ni moja kwa nchi zote 29 za Schengen: karatasi yenye orodha ya sababu na visanduku vya kutiwa alama. Kwake kilitiwa alama kile kinachosema kuna shaka kama mwombaji atatoka kabla viza haijaisha.

Mama aliisoma karatasi hiyo mara tatu, kama alivyosoma ile ya njugu. Kisha akauliza, "Sasa mimi nihamie kwenye baridi nikafanye nini? Na pesa za chama nimwachie nani?" Tulicheka. Baadaye nikamsikia jikoni akiosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sasa linganisha. Kenya iliondoa viza mwanzoni mwa 2024, ikaweka idhini ya kusafiri ya mtandaoni, eTA, ambayo wageni wengi hulipia dola 30. Wazazi wa Mgeni walipokuja mara ya mwisho, mwaka huo huo, waliijaza kwa simu wakiwa wamekaa kwao. Waliulizwa pasipoti, tiketi na mahali watakapolala. Mahali penyewe ni kwetu. Hakuna aliyetaka cheti cha ndoa. Hakuna aliyewashuku kwamba wanataka kubaki Buruburu.

Najua kuna msomaji hapa ameshakunja uso: kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake, na wapo Wakenya walioenda wiki mbili wakakaa miaka kumi. Ni kweli, wapo. Sikatai haki ya mtu kufunga mlango wake. Lakini niambie, mtu atathibitishaje kwamba atarudi kabla hajaondoka? Utaleta hati, wataona karatasi tu. Utaleta watoto wako, watasema ni wakubwa, wanajitegemea. Swali likikosa jibu, linageuka kuwa ukuta wenye alama ya kuuliza. Mama hakushukiwa kwa jambo alilolifanya. Kilichoshukiwa ni rangi ya jalada la pasipoti yake na umaskini wanaoudhania nyuma yake.

Na wala si kwamba hatutakiwi kabisa. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya kupeleka wafanyakazi Wakenya kule, kwa sababu nchi inazeeka na inahitaji mikono. Poa. Atakayefaidika na hiyo kazi, aende na baraka zangu. Lakini tuelewane: Ulaya imeonyesha kwamba mlango unaweza kufunguka. Unafunguka ukienda kuwainua wazee wao kitandani. Ukiwa wewe ndiye mzee, na unachotaka ni kumbeba mtoto mgongoni siku chache, ghafla kuna shaka.

Tulijaribu tena. Tukalipa upya, karatasi zikaongezeka, safari hii tukaomba wawili, mimi kama msindikizaji. Tukapewa siku 15, kuingia mara moja. Mei 2025 Mama alitua huko na kiondo, majani chai na leso mbili. Kufikia siku ya pili mtoto alikuwa mgongoni mwa Mama ndani ya leso, wakizunguka mtaa uliojaa nyumba safi na watu kimya, na majirani wakitoka kumwamkia. Jumapili Mgeni alisukuma chapati. Bado ni duara.

Siku hiyo mezani, baba yake akauliza kwa upole kabisa, "Mbona mmechelewa hivi? Sisi tumekuja kwenu mara mbili, ni rahisi sana."

Mama akatabasamu. "Njia ilikuwa ndefu," akasema.

Mimi nilishindwa kumeza. Nikawaeleza yote: ada, vyeti, kisanduku. Meza ikanyamaza. Mgeni akamgeukia Mama. "Lakini uliniambia ulikuwa mgonjwa." Ni kweli, alimwambia hivyo. Alikataliwa na serikali ya watu ambao mtoto wao alimlisha, kisha akaona haya yeye, akatunga ugonjwa ili mtoto asijisikie vibaya. Yule kijana aliinuka akaenda kusimama dirishani muda mrefu.

Na hapa nataka kutulaumu sisi. Tumelelewa kumficha mgeni shida za nyumba. Mgeni akija, sukuma inaondolewa, kuku anachinjwa, na hadithi ya kodi iliyochelewa haitajwi. Ni adabu nzuri ndani ya nyumba. Nje ya nyumba, adabu hiyo inawaacha watu wema wakiamini kwamba dunia iko wazi kwa wote kama ilivyo wazi kwao. Wazazi wa Mgeni si wabaya. Hawakujua tu, na hawakujua kwa sababu sisi tulinyamaza. Kila anayesema "njia ilikuwa ndefu" analinda dirisha lililomla pesa.

Kwa hivyo mimi nimeacha kunyamaza. Kwa wanaoendesha hii mipango: mwanafunzi akija kwetu miezi kumi na familia iliyompokea haiwezi kwenda kwao siku kumi, huo ni utalii wenye chakula cha nyumbani. Uiteni hivyo, ama mrekebishe. Andikeni kwenye mkataba, tangu siku ya kwanza, kwamba familia iliyopokea itaalikwa, kwamba ada na bima mtalipa nyinyi, na kwamba mtasimama nao dirishani kama walivyosimama na mwanafunzi wenu.

Kwa kina Mgeni wote mliokula ugali wetu mkarudi kuandika barua za kuomba vyuo mkisema Afrika iliwabadilisha: nyinyi mna kura kule, sisi hatuna. Mwandikieni mbunge wenu. Mwambieni jina la mama aliyekesha na nyinyi hospitalini, na kisanduku alichotiwa alama.

Kwa serikali yetu: sitaki mfunge mlango ili kulipiza. Mlango ulio wazi ni sifa yetu, na sioni kwa nini tuuache kwa sababu ya ubahili wa wengine. Ila mkikaa kwenye hizo meza za kutia saini mikataba ya wafanyakazi, ulizeni pia kuhusu mama zao.

Mama alirudi siku ya 14, siku moja kabla viza haijaisha, kwa sababu chama kilikuwa Jumamosi. Muhuri wa kutoka uko kwenye pasipoti, anayetaka ushahidi aje auone.

Juzi barua imefika mtaani ikitafuta familia za kupokea wanafunzi wapya. Nilidhani Mama ataitupa. Ameijaza. Kitanda kipo, ameandika, na njugu tutatoa ikihitajika. Halafu chini kabisa, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, ameongeza swali ambalo fomu haikuliuliza: "Na sisi tutakuja kwenu lini?"