Vita vya Wengine Vilipopita Ulyankulu

SAFU: KUTOKA UNYAMWEZI
Na Mihayo Kasanda

Agosti 1871 jeshi la Waarabu wa Unyanyembe lilitoka Tabora kwenda kumpiga Mtemi Mirambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Ndani ya jeshi hilo alikuwamo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Ugomvi ule haukumhusu. Alikuwa anamtafuta mmisionari Livingstone, na njia ilipofungwa akaona bora ajiunge na vita, yeye na askari wake. Boma la Zimbizo likaanguka. Kisha kikosi cha Soud bin Said kikasonga mpaka huku Ulyankulu, kikapora pembe na kuteka watu, na kiliporudi na ngawira yake kikakutana na watu wa Mirambo waliokuwa wamejificha kando ya njia. Soud akauawa. Jeshi zima likatawanyika, na Stanley, homa imemshika, akakimbilia Mfuto juu ya punda. Hazikupita wiki nyingi Mirambo akaivamia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Stanley akazunguka kwa njia ya kusini, na Novemba alikuwa Ujiji na Livingstone wake. Watu wa Ulyankulu hawakuwa na njia ya kusini ya kuzungukia.

Kwa hiyo mgeni anayejitolea katika vita vya wengine simpimi kwa ushujaa wake. Nampima kwa alichowaletea watu wanaobaki, na kwa jinsi alivyokaa nao.

Kwa kipimo hicho ninamheshimu rubani Msweden, Carl Gustaf von Rosen, aliyezaliwa mwaka 1909 katika ukoo wa kikabaila. Italia ya Mussolini ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, alikwenda kurusha ndege ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu, katika vita ambavyo Waitaliano walimwaga gesi ya sumu juu ya raia na askari. Baadaye akapigana upande wa Finland dhidi ya Urusi, akidondosha mabomu kutoka kwenye ndege ya abiria iliyogeuzwa ya kivita. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha alirudi Ethiopia na kuongoza jeshi la anga la Haile Selassie kwa miaka kumi. Wangapi hurudi, tena kwa miaka kumi?

Halafu vikaja vita vya Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria. Sisi Watanzania hatuwezi kuisoma habari hiyo kama ya mbali, kwa sababu serikali ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968. Agosti mwaka huohuo von Rosen aliruka kutoka São Tomé, chinichini juu ya miti, akavunja kizuizi cha Nigeria na kufikisha chakula na dawa kwa watu waliokuwa wanakufa njaa. Hiyo ni kazi ambayo mtu angeifanya mara moja tu maishani na ikatosha.

Lakini tarehe 22 Mei 1969 alirudi kwa namna nyingine. Safari hii alikuwa na vindege vidogo vya MFI-9, vya kujifunzia urubani, vimefungwa roketi chini ya mabawa, akashambulia viwanja vya ndege vya Nigeria. Alikuwa ameona raia wakipigwa mabomu kutoka angani, na hasira yake naielewa. Hata hivyo Biafra ilisalimu amri Januari 1970, na roketi zile hazikumshibisha mtoto hata mmoja. Magunia ya chakula ndiyo yaliyoshibisha.

Ulyankulu inaijua tofauti hiyo. Mwaka 1972 walimiminika hapa wakimbizi kutoka Burundi, wamekimbia mauaji. Hawakuhitaji rubani wa kuwalipizia kisasi. Walipewa ardhi ya msituni, mbegu na majembe, wakasimamiwa na serikali, UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) na shirika la kuhudumia wakimbizi la TCRS, na wengi wao wakaja kupewa uraia wa Tanzania. Watoto wao leo ni Watanzania wa Kaliua.

Von Rosen alikufa tarehe 13 Julai 1977 huko Gode, Ogaden, katika shambulio la Wasomali, akiwa Ethiopia kwa kazi ya kuwafikishia chakula wenye njaa. Alikuwa na miaka 67.

Yeye alichagua, na alijua anachochagua. Si kila anayekufa katika vita vya wengine amechagua: Januari 2023 sisi Watanzania tulipokea mwili wa kijana wetu aliyeuawa Ukraine. Alikuwa mfungwa nchini Urusi, akaahidiwa msamaha akienda kupigana ndani ya kundi la mamluki la Wagner. Mtu aliye gerezani akiambiwa achague kati ya kifungo na bunduki, hilo si jambo la hiari, na tusikubali liitwe hivyo.

Wazazi wenzangu wa Ulyankulu, Urambo na Tabora: ili asije mwingine akaishia vitani bila kuchagua, kijana akiwaambia amepata kazi ya ulinzi au ya kiwandani ng'ambo, na tiketi amelipiwa na asiyemfahamu, ombeni kuuona mkataba, na msomeeni kila mstari kabla hajapanda basi.